Skurubu ya Presha

Dirisha la vifurushi pale stendi ya Ifakara halina foleni. Lina watu tu, na kila mmoja anaamini yeye ndiye wa kwanza. Jumatatu ile hali ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu basi la jana yake lilikuwa limeharibikia njiani, na mizigo ya siku mbili ilikuwa imerundikwa mahali pamoja: matairi ya bodaboda, mabegi ya shule, boksi lenye matundu lililojaa vifaranga wanaolia. Mbele kabisa alisimama msichana wa miaka ishirini na sita aitwaye Digna. Alivaa sketi ya kitenge cha njano na fulana nyeusi iliyopigwa pasi, heshima ambayo watu wachache huipa fulana. Alikuwa amefungua kifurushi chake palepale dirishani, na hakuonyesha dalili ya kuondoka.

"Kaka, huu mpira siyo. Mimi niliagiza wa milimita nane."

"Dada, mimi nasafirisha, siuzi," karani alimjibu. "Saini hapa."

"Siwezi kusaini kitu kisichonifaa."

"Basi saini kwamba hakikufai, wenzako wapite."

Nyuma yake alikuwepo kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyochakaa magotini na viatu vipya kabisa, kana kwamba nusu yake ilikuwa inakwenda kazini na nusu inakwenda harusini. Alinyoosha shingo akautazama ule mpira.

"Huo si wa mashine ya kahawa? Unakaa pale kichwani, maji yasivuje."

Digna aligeuka. "Umejuaje?"

"Unanukia kahawa."

Watu wakacheka. Digna hakucheka. "Na wewe unanukia grisi, ila sijakuuliza unakoenda."

"Huo ni wa milimita nane na nusu," kijana aliendelea, bila kukasirika. "Utaingia ukilazimishwa kidogo."

"Mashine yangu hailazimishwi."

"Basi nitaibembeleza. Naitwa Remigius. Natengeneza mashine za kukoboa mpunga, majokofu, na chochote chenye boila. Mashine yenyewe iko wapi?"

Alimwambia ilipo, akasaini, akapanda bajaji. Hakuna moyo uliopiga kwa nguvu siku hiyo. Digna aliwaza mpira wake. Remigius aliitazama bajaji mpaka ilipokata kona, halafu akakumbuka kwamba na yeye alikuwa amefuata mzigo, na kwamba nafasi yake dirishani imeshachukuliwa na mwenye vifaranga.

Mgahawa wa Mama Emerensiana ulikuwa na viti kumi na viwili, feni mbili, na mashine moja ya kahawa iliyong'arishwa mpaka wateja walijitengenezea nywele kwa kujitazama ndani yake. Mama Emerensiana alikuwa muuguzi mstaafu. Aliinunua mashine hiyo kutoka kwenye hoteli moja ya Dar es Salaam iliyofungwa, akamchukua na Digna ambaye alikuwa ameitumia hukohuko kwa miaka miwili. Mama mwenyewe alikunywa chai.

Remigius alikuja kesho yake, akaubembeleza mpira kweli, ukaingia. Kisha akaomba kikombe. Ilikuwa saa nne, watu wa asubuhi wameshaondoka, mgahawa mtupu. Digna aliweka glasi kubwa chini ya kichwa cha mashine, akafungulia maji, akayaacha yatoke bure.

"Unamwaga nini sasa?"

"Nyamaza. Sikiliza."

Maji yalitoka kwa kelele, yakichachatika na kurusha mvuke kama mafuta yaliyotiwa dagaa. Digna aliinua kidole kimoja hewani. Glasi ilijaa, akaweka ya pili. Ilipokaribia nayo kujaa kelele ilikufa, maji yakateremka kimya na yamenyooka. Akafunga, akahesabu mpaka tano kwa midomo tu, akapachika kishikio chenye kahawa, akafungulia tena.

"Boila hii ni ya mvuke," alisema akiwa amempa mgongo. "Maji ya kahawa hayakai humo, yanapita kwenye bomba lililozama ndani yake na kupata joto njiani. Wateja wakifuatana, hayapati muda wa kuzidi. Mashine ikikaa nusu saa bila mtu, yale yaliyosimama ndani ya bomba yanachemka kupita kiasi. Ukitengenezea kahawa, inaungua. Kwa hiyo unayamwaga mpaka uyasikie yametulia."

"Kila mara?"

"Kila ikikaa. Wakijaa watu, simwagi hata tone."

Remigius alikunywa. Ilikuwa kahawa ya Mbozi, nzito, yenye utamu ambao hakuutia yeye. Aliweka kikombe taratibu. "Dada Digna, mimi nimefungua boila zaidi ya mia. Sijawahi kuona mtu anaisikiliza."

"Na wewe ulikuwa unazifanyia nini?"

"Nilikuwa nazipiga nyundo."

Hapo ndipo Digna alipocheka kwa mara ya kwanza, na Remigius akaanza kuja kila siku saa nne. Msomaji anayetafuta mapenzi ndani ya boila apumzike. Mna maji tu. Mapenzi yalikuwa nje, kwenye kaunta, na yalikwenda kama yanavyokwenda ya watu wengine. Baada ya wiki tatu "dada Digna" akawa "Digna", baada ya sita akawa "mpenzi", na fundi akawa "Remi wangu", ila wakati Mama Emerensiana hayupo karibu.

"Leo umependeza," alikuwa akisema Remigius.

"Nguo ileile ya juzi."

"Juzi nilikuwa na aibu ya kusema."

"Wewe? Aibu? Hebu kunywa kahawa, upoe mdomo wako."

Kuna jambo moja lililomsumbua Remigius, na hakulisema. Maji ya bomba ya mtaa ule yaliacha ukoko kwenye mashine, kwa hiyo Digna alichota ya kisima cha parokia, madumu manne kila asubuhi, akayafunga kwenye baiskeli na kuyasukuma. Karibu dumu zima liliishia kwenye zile glasi za kumwaga. Remigius alimwona akijikanda bega la kulia anapodhani hakuna anayemwona. Fundi akimwona mtu anaumia, akili yake huenda moja kwa moja kwenye skurubu.

Masika ilipoanza, Mama Emerensiana alimkalisha Digna. Alisema kwa sauti aliyokuwa akiwapa nayo wagonjwa majibu ya vipimo.

"Mwanangu, watu wa hapa wanakunywa chai. Kuna bwana mmoja Morogoro anaitaka hii mashine. Nimemwambia asubiri. Alhamisi anakuja Theodosia, meneja wa ile hoteli mpya ya Lumemo. Akiipenda kahawa yako, wageni wa mikutano yake wote watakuwa wanaletwa hapa, na mashine inabaki. Asipoipenda, inakwenda."

"Na mimi, Mama?"

"Wewe nitakupa kazi jikoni. Chapati unazijua."

Digna alizijua chapati, na shamba la mpunga la baba yake kule Katindiuka alilijua zaidi. Lakini kazi ile ya kusimama mbele ya mashine na kuielewa ndiyo pekee aliyowahi kuwa bingwa wake, na hakutaka kuipoteza. Alimwambia Remigius hivyohivyo, bila kupamba, na machozi yakamlengalenga.

"Usijali," Remigius alisema. "Alhamisi kila kitu kitakwenda sawa."

Jumatano jioni Digna alikwenda mazoezi ya kwaya. Remigius akaja na bisibisi, akamwambia Mama Emerensiana anaikagua mashine kwa ajili ya kesho. Alifungua kibati cha ubavuni, akaipata skurubu ya swichi ya presha, akaizungusha mizunguko miwili. Sindano ya geji, kipimo cha presha, ikashuka kutoka moja nukta mbili mpaka nukta nane. Presha ikipungua, joto la boila linapungua, na maji ya kwenye bomba hayazidi sana hata yakikaa. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Glasi mbili za kumwaga zingekuwa nusu glasi, na bega la Digna lingepona. Hakumwambia, aliona ataharibu utamu. Mwenyewe atashangaa asubuhi. Saa kumi na mbili alfajiri aliitwa kijijini Mbingu, ambako mashine ya kukoboa ilikuwa imekatika mkanda, akaondoka.

Theodosia alichelewa. Aliahidi saa tatu, akafika saa nne na nusu chini ya mwavuli wa zambarau, suti ya kijivu na ndala mkononi, kwa sababu alizivua mlangoni akavaa viatu. Mvua ilikuwa imeyakalia mabati ya mgahawa kwa kelele kiasi kwamba mtu na mwenzake waliongea kwa kuwekeana mdomo sikioni. Mashine ilikuwa imekaa saa nzima bila mteja.

Digna alikuwa amevaa gauni la Pasaka. Alifungulia maji, akainamisha kichwa asikilize, akasikia mabati tu. Basi akafanya anachofanya mtu aliyenyimwa masikio: akaenda kwa mazoea. Mashine iliyokaa saa nzima huhitaji glasi mbili. Kwa usalama akaongeza ya tatu. Hakuitazama geji. Kwa miaka miwili geji ilikuwa haijawahi kumwambia lolote ambalo sikio halijamwambia kwanza.

Kahawa ilitoka haraka, nyepesi, povu lake jeupe. Theodosia alikunywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akalimeza kwa adabu.

"Ni chachu kidogo," alisema. "Kama ina limao. Na imepoa."

"Nikutengenezee nyingine, dada?"

"Asante sana. Nimeshachelewa."

Mwavuli wa zambarau ukavuka barabara. Mama Emerensiana alikusanya kikombe, akakiosha mwenyewe, akakaa.

"Nitampigia yule bwana. Pole, mwanangu. Angalau fundi wako atafaidi."

"Atafaidi nini?"

"Si anamtaka na yeye? Alimwomba wiki iliyopita aende na mashine, awe fundi wake huko. Hakukwambia?"

Hakumwambia. Digna alirudi kwenye mashine, na safari hii akaitazama geji. Nukta nane. Akapitisha kidole kwenye kibati cha ubavuni: skurubu za kibati zilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Ifakara nzima alimjua mtu mmoja tu ambaye angethubutu kuzifungua. Saa nane mchana simu ikaita.

"Mpenzi!" Remigius alikuwa anapiga kelele juu ya muungurumo wa mashine. "Enhe, umeonaje? Umeshangaa?"

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, nani mwingine! Umemwaga maji kiasi gani leo?"

"Remigius, yule bwana wa Morogoro alikuomba uende na mashine?"

"Ndiyo. Lakini mimi nili..."

"Basi nenda nayo. Umeiharibu ili iuzwe, sasa kawaambie imeuzwa kwa sababu haifai."

Akakata. Remigius alipiga mara tisa. Mara ya kumi simu ilikuwa imezimwa.

Ukweli ni kwamba kazi ya Morogoro Remigius aliikataa siku ileile alipoombwa, na hakuisema kwa sababu aliona kitu kilichokataliwa hakina habari ndani yake. Sasa alikaa juu ya gunia la pumba kule Mbingu, akasikia kwa Mama Emerensiana kwa simu jinsi mambo yalivyokwenda, akaelewa. Akaamua kurekebisha. Alikuwa mtu wa kurekebisha.

Digna naye hakulala vizuri, lakini Ijumaa asubuhi aliazima bisibisi ya jirani, akakifungua kibati mwenyewe. Aliizungusha skurubu mzunguko mmoja na nusu kurudi, akatengeneza kahawa, akatema. Akaipunguza kidogo, akatengeneza tena. Kufikia mchana geji ilisoma moja kamili, kahawa ikawa nzuri kuliko siku zote, na maji ya kumwaga yakawa glasi moja badala ya mbili. Hilo lilimkasirisha zaidi, kwa sababu lilimaanisha yule mwanamume alikuwa nusu sahihi.

Jumamosi alivaa buti za shambani, akatembea kwenye matope mpaka Lumemo, akaomba kumwona meneja.

"Ile kahawa ilikuwa mbaya," alisema, "na kosa ni langu. Mashine ilikuwa imepunguzwa joto, na mimi sikuangalia. Naomba unipe kikombe kimoja tu, dada. Kimoja."

Theodosia alizitazama buti. "Kahawa mbaya nimekunywa nyingi, hakuna aliyekuja kuniomba radhi kwa miguu. Kesho baada ya misa ya pili nitapita."

Alipita. Alikunywa kimoja, akaomba cha pili, akakubali kabla hajakimaliza. Mama Emerensiana akampigia bwana wa Morogoro kwamba mashine haiuzwi tena. Digna aliegemea kaunta akalia kwa furaha, na katikati ya furaha hiyo akatamani kumpigia mtu mmoja. Hakumpigia.

Jioni, jua bado liko juu kidogo, alifika nyumbani Katindiuka akamkuta baba yake, Mzee Dionisi, amekaa kibarazani na bahasha nyeupe mapajani.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Mshenga, Mzee Egidius kutoka Mbingu, ameondoka sasa hivi, ameleta posa ya fundi Remigius. Barua imeandikwa vizuri, mwandiko wa mtu aliyesoma. Ila mbona hujaniambia unahamia Morogoro?"

"Nani anahamia Morogoro?"

Mzee alivaa miwani. "Inasema, kijana amepata kazi Morogoro ya mwaka mmoja, mahali inapokwenda mashine yako, naye amekuombea nafasi ya kuitumia hukohuko, ili usitengane nayo. Ni kijana mwenye mipango."

Digna aliichukua barua akaisoma amesimama, mara mbili. Kila mstari ulikuwa wa upendo, na hakuna hata mmoja uliomuuliza yeye jambo lolote.

Jumatatu saa nne Remigius aliingia mgahawani na shati jeupe, uso wa mtu anayetegemea pongezi na kipigo kwa pamoja. Digna aliiweka bahasha juu ya kaunta.

"Baba anasema una mipango."

"Digna, ngoja nieleze yote. Skurubu niliishusha kwa ajili ya bega lako. Madumu yale. Nilitaka usimwage maji mengi, basi. Na Morogoro nilikuwa nimekataa, Mungu shahidi. Nimekubali Ijumaa, baada ya kusikia mashine inauzwa kwa kosa langu. Nikasema kama inakwenda, twende wote."

"Mashine haiendi."

"Haiendi?"

"Nilikwenda Lumemo Jumamosi. Theodosia amerudi, amekunywa, amekubali. Inabaki."

"Lakini mimi nimeshatoa neno. Mwaka mzima. Anataka fundi hata bila mashine hii, ana za barafu, ana..."

"Hukuniuliza."

"Na wewe hukuniambia."

Kutoka jikoni Mama Emerensiana, ambaye hakuna aliyekumbuka kwamba ana masikio, alisema, "Ninyi wawili, hizo vocha za simu huwa mnanunua za nini?"

Remigius alitazama viatu vyake, ambavyo havikuwa vipya tena. "Nisamehe, mpenzi. Kwa skurubu, na kwa barua. Niliona nikikuuliza utaniambia nisijisumbue, na mimi nilitaka kujisumbua."

Hasira ya Digna ilikuwa ya haki, na ilikuwa imebaki kidogo sana. Alimpenda. Alikuwa amempenda siku zote nne alizokuwa hampokelei simu. "Niulize sasa," alisema. "Siyo Baba. Mimi."

"Hapa? Mbele ya Mama?"

"Mama ameshasikia yote."

"Digna, utaolewa na mimi?"

"Ndiyo," alisema Digna. "Lakini Morogoro siendi. Kazi yangu ni hii."

"Na mimi siwezi kumgeuka yule bwana."

"Usimgeuke. Nenda. Mwaka utaisha."

Mzee Dionisi alijibu barua kwa kukubali, akiomba radhi kwamba binti hatahama. Remigius aliondoka Alhamisi na begi moja na kisanduku cha vifaa. Digna hakufika stendini kumuaga, kwa kuwa alikuwa na wageni kumi na wanne wa mkutano waliokuwa wakimsubiri, na waliagana kwa simu, yeye akiwa anapachika vishikio kimoja baada ya kingine. Ilimuuma. Aliendelea kupachika.

Mwezi wa nne tangu aondoke, saa kumi na moja jioni, simu iliita mgahawani.

"Mpenzi, nina swali," alisema Remigius.

"Uliza."

"Nimepita kwa seremala hapa Msamvu, nimeona kitanda cha mninga, futi tano kwa sita. Ninunue?"

"Nitumie picha kwanza."

Alituma. Kichwa cha kitanda kilikuwa cha kawaida, bila maua wala vioo, kazi ya mtu anayeheshimu ubao. Digna aliitazama picha kwa muda mrefu, mteja akagonga kaunta mara mbili, hakumsikia.

"Umeona?" Remigius aliuliza. "Chumba changu huku ni kidogo, lakini nimepima, kitaingia."

"Nunua," alisema Digna. "Ila usikiingize humo. Kilete Ifakara."